Riwaya ya ugonjwa na mwanafunzi aliyetoka akilia

Mwalimu mwenzangu wa Moshi, umeuliza kama uache kuifundisha riwaya ya Kiingereza ya Passed Like a Shadow, kwa sababu binti mmoja wa kidato cha tatu alitoka darasani akilia mlipokuwa mkisoma jinsi UKIMWI unavyoiangamiza familia ya Adyeri. Usiiache, ila badilisha namna ya kuisoma.

Mimi niliwahi kukosea hapohapo, nilipokuwa nikifundisha Arusha: niliwaagiza wanafunzi waandike kwa Kiingereza aya moja juu ya mgonjwa wa nyumbani kwao, na mvulana mmoja akanirudishia karatasi yenye tarehe tu, huku amekwishaipigia mstari mara tatu kwa rula. Tangu siku hiyo zoezi langu humhusu mhusika, kwa mfano jirani anayebisha hodi na bakuli la mtori asijue aseme nini. Humo mwanafunzi hupata msamiati wa maradhi, huruma na lawama bila kulazimika kufichua ya kwao. (Nyakati za vitenzi nazo hufundishika vizuri zaidi humo kuliko katika sentensi za ubaoni.)

Kabla ya sura nzito, watangulizie kwa ufupi yaliyomo, na umruhusu anayetaka kuisoma peke yake. Huyo binti mwite faraghani, wala usimuulize nani anaumwa. Akikueleza mwenyewe, basi umwombe ridhaa kabla ya kumshirikisha mwalimu wa ushauri nasaha, kwa kuwa hata Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya hali ya mtu.