Wasomaji Wanauliza: Lord of the Rings, bonge la riwaya au mzigo tu?

Toleo lililopita tuliuliza swali moja tu, The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien umeionaje, na aisee barua zilizokuja hazipatani hata kidogo. Wapo wanaosema hawajawahi kushikwa na riwaya ya fantasia namna ile, na wapo walioiweka chini kabla hata steringi hajafunga mizigo. Kwa ambao hamjaisoma, stori ni hivi: Frodo ni hobiti, yaani wale watu wafupi wanaopenda kula na kukaa kwao kwa amani, anaachiwa pete na ndugu yake Bilbo, kumbe pete yenyewe ni ya Sauron, mbabe wa giza, na dawa yake ni moja tu, ipelekwe ikayeyukie kwenye mlima wa moto ilikotengenezwa, katikati kabisa ya nchi ya adui. Haya tuanze.

Dada, mbona hiki kitabu kinazunguka hivi? Kurasa na kurasa watu wanatembea, wanakula, wanaimba, halafu wanatembea tena. Nimefika kwa huyo mzee Tom Bombadil anayerukaruka porini anaimba mistari isiyoeleweka, hapo ndo nikachoka. Niache? (Niliyekwama msituni)

Kuacha ruksa ndugu yangu, kitabu sio adhabu. Ila kabla hujakirudisha kabatini nisikilize kidogo. Kama ulianza na ule utangulizi unaoeleza historia ya mahobiti mpaka tumbaku wanayovuta, ulijichosha bure, uruke tu, utaurudia ukishawazoea. Stori inaanza kuuma sura ya pili, pale Gandalf, mchawi mzee rafiki yao, anaporudi baada ya miaka 17 tangu sherehe ya kuzaliwa ya Bilbo, anaichukua pete anaitupa kwenye moto sebuleni kwa Frodo, anaitoa kwa koleo halafu anamwambia ishike, haina moto. Frodo anaipokea kiganjani na kweli ni ya baridi, halafu maandishi yanaanza kung'aa juu yake kama moto. Mi kila nikisoma pale nasisimka, na hakuna upanga hata mmoja uliochomolewa.

Sasa Bombadil. Najua anaboa wengi, hata muvi za Peter Jackson zilimuacha kabisa. Lakini angalia anachofanya mezani kwake, anaomba aione pete, anaivaa, na hapotei machoni kama wengine wakiivaa! Frodo naye akiivaa kwa siri, Tom anamuona vizuri tu na kumwambia avue. Tumeshatishwa sura nzima kwamba hii pete inameza kila mtu, halafu anatokea mmoja haimfanyi kitu kwa sababu hakuna anachokitaka kwake. Kwangu hiyo inaeleza pete inavyofanya kazi kuliko hotuba yoyote ya Gandalf, inashika pale ambapo tayari una tamaa, hata kama ni tamaa ya kufanya mema.

Na kuna lingine ambalo ukiziruka hizo sura utalikosa. Baada tu ya kutoka kwa Tom, mahobiti wananaswa kwenye makaburi ya kale, Tom anakuja kuwatoa na kuwapa visu vilivyokuwa mle ndani, visu vilivyofuliwa zamani na watu waliokuwa wanapigana na mfalme mchawi wa nchi ya Angmar, mtumishi wa Sauron. Mbele huko, juzuu ya tatu, Merry, mmoja wa hao mahobiti, anamchoma huyo huyo mfalme kwa kisu hicho hicho, na kitabu kinasema wazi kwamba hakuna silaha nyingine ingemuumiza vile. Yaani ile sehemu unayoiona haina kazi ndo iliyobeba ushindi wa baadaye. Tolkien anapanda mapema sana na anavuna umeshasahau, ndo maana wanaokisoma mara ya pili wanakipenda zaidi. Ule mkutano mrefu nyumbani kwa Elrond, bwana mwenye hekima anayewapokea njiani, nao, sawa, hapo nakubali watu wanaongea mno, vumilia tu.

Mi nashangaa wanaolalamika. Hiki ni kitabu bora kuliko vyote, basi. Tatizo la vijana wa sasa ni simu, hawawezi kukaa na kitu kirefu. (Shabiki wa kweli)

Hapana, hapa nakupinga. Mwaka 1956, hizo simu hazipo hata ndotoni, Edmund Wilson, mhakiki mkubwa wa Marekani, alikiandika vibaya sana kwenye jarida la The Nation, akakiita takataka ya watoto. Na mwaka huohuo mshairi W. H. Auden alikisifia kwenye New York Times, na yeye mwenyewe akaona kwamba hakuna mtu mwenye maoni ya kati juu ya hiki kitabu, ni ama unakiona kazi bora au hukivumilii kabisa. Hao wote ni watu waliosoma vitabu maisha yao yote, sasa utasema nani kati yao ni mvivu?

Tolkien mwenyewe aliliongelea hili kwenye dibaji ya toleo la pili, miaka ya 60. Alisema wapo waliokiona kinachosha au cha kipuuzi, na hana sababu ya kulalamika maana na yeye anaviona hivyohivyo vitabu wanavyovipenda wao. Kisha akasema, na hii ndo napenda, kwamba kwenye barua za wasomaji aligundua zile sehemu zinazowaudhi baadhi ndo hizohizo wengine wanazisifia. Kasoro moja tu aliyokubaliana na wasomaji ni kwamba kitabu ni kifupi mno. Kwa hiyo shabiki wa kweli, penda kitabu chako, mi pia nakipenda, lakini anayechoka sio mjinga.

Nimemaliza na nimekasirika. Safari yote ile, halafu Frodo anafika kwenye moto anasema pete ni yake! Gollum, yule kiumbe aliyekuwa na pete kabla ya Bilbo na bado anaitamani, ndo kaokoa dunia kwa bahati mbaya. Steringi gani huyu? (Nimevunjika moyo)

Asante kwa hii barua, ndo niliyokuwa naisubiri. Hauko peke yako, Tolkien aliwahi kupokea barua kali ya msomaji aliyesema Frodo alistahili kunyongwa kama msaliti badala ya kupewa heshima, na majibu yake kwenye barua zake yanaeleweka vizuri: pale mwisho, pete ikiwa na nguvu zake zote, na mtu ana njaa, kiu, amechoka na ameteswa miezi, hakuna ambaye angeweza kuitupa kwa hiari yake. Frodo alitoa alichokuwa nacho chote mpaka kikaisha, hapo sioni usaliti.

Na mi sikubali kuwa ni bahati mbaya. Rudi sura ya pili, Frodo anasema inasikitisha kwamba Bilbo hakumuua Gollum alipopata nafasi, na Gandalf anamjibu kwamba huruma ndiyo iliyouzuia mkono wake, na kwamba Gollum bado ana kazi ya kufanya kabla mambo hayajaisha. Bilbo alimuacha hai, Frodo akamuacha hai, na hata Sam, mtumishi wa Frodo anayesafiri naye, ambaye hakuwahi kumwamini, pale mlimani upanga uko mkononi, akashindwa kumchoma mtu aliyejikunja chini analia. Yeyote kati yao angemuua, na wangekuwa na haki zao kabisa, pete isingeanguka. Gollum anamng'ata Frodo kidole, anashangilia, anateleza anaingia nayo motoni. Dunia iliokolewa na ile huruma ya nyuma ambayo kila mmoja wakati ule aliiona kama uzembe. Riwaya nyingi za fantasia zingempa Frodo nguvu za ghafla dakika ya mwisho, na mi nashukuru hii haikufanya hivyo, kwa sababu angeshinda kwa nguvu ningekisahau kitabu kesho yake.

Wanawake wako wapi? Wale tisa wanaotumwa kwenda kuiharibu pete wote wanaume. (Msomaji wa kike)

Upo sahihi na sina cha kutetea. Galadriel, yule bibi mwenye nguvu za ajabu, ana uzito, Éowyn, binti wa kifalme anayekwenda vitani, ndo anamuua yule mfalme mchawi niliyemtaja juu (na kisu cha Merry kikisaidia), na mapenzi ya Arwen, binti wa Elrond, na Aragorn, mfalme ajaye, yenyewe yamesukumiwa nyuma kwenye nyongeza. Kwa kitabu kirefu hivi ni kidogo mno, na Éowyn anavyokuwa mzuri ndo unazidi kuuona upungufu.

Mimi kilichonitoa ni watu wa nchi ya kusini inayoitwa Harad. Ni weusi au wana ngozi ya kahawia na wote wako upande wa adui. Kwa nini tusifie hiki kitabu? (Nimeudhika)

Una haki ya kuudhika. Kuna sentensi kwenye vita vya Pelennor, ile vita kubwa ya juzuu ya tatu, inayowaelezea watu weusi wa kusini ya mbali kama nusu majitu, na mi siwezi kuipamba, ni sentensi mbaya. Ukitaka kufunga kitabu hapo sikuzuii.

Ila kitabu hichohicho kina ukurasa mwingine ambao naomba uusome kabla hujaamua. Pale Ithilien, eneo la mpakani mwa nchi ya adui, Sam anaona kwa mara ya kwanza watu wanapigana na watu, askari mmoja wa kusini anaanguka karibu yao, mishale shingoni, mkono wa kahawia umeshika upanga uliovunjika. Sam anafurahi kwamba haoni uso wake, halafu anaanza kujiuliza jina lake nani, ametoka wapi, kweli alikuwa mwovu moyoni au alidanganywa au kutishwa akatoka kwao, na kama asingependa zaidi kubaki nyumbani. Tolkien alipigana Somme, Ufaransa, kwenye Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, na mi naamini huo ukurasa umeandikwa na mtu aliyeona maiti kama hiyo. Haufuti ile sentensi ya Pelennor. Vyote viwili vimo, na nikikisoma navisoma vyote viwili.

Nimeangalia muvi zote tatu, kuna haja ya kusoma? (Mvivu kidogo)

Ipo, na sababu kubwa ni mwisho. Kwenye muvi mahobiti wanarudi nyumbani wanakuta kila kitu kama walivyokiacha. Kwenye kitabu wanakuta miti imekatwa, watu wanatishwa, chakula kinakusanywa na majambazi walioletwa na Saruman, yule mchawi msaliti, na inabidi wapigane tena, kwao wenyewe, huku Frodo akikataa kuchomoa upanga na akihangaika tu watu wasiuane zaidi ya lazima. Halafu kila tarehe 6 Oktoba, siku aliyochomwa kisu safarini kwenye kilima cha Weathertop, anaumwa tena, na karibu hakuna anayegundua isipokuwa Sam. Anza juzuu ya kwanza sura ya kwanza, ukikwama kwa Bombadil niandikie.