Kabla hujatoboa boneti ya Porsche 911

Wenye magari ya zamani ya michezo hapa Mbeya ni wachache, ila wakija gereji ombi lao linafanana: mfuniko wa mafuta ukae katikati ya boneti, kama gari za mashindano. Inawezekana. Kutoboa ndiyo sehemu rahisi; kazi ni maji na mvuke.

Tangi la 911 liko mbele chini ya boneti, na kwenye zile za zamani mdomo wa kujazia uko juu ya gurudumu la mbele, kushoto. Timu za mbio ziliuleta katikati ili mafuta yaingie upesi. Pale sheli ya Mwanjelwa hakuna anayekupimia muda, kwa hiyo tukubaliane huu ni urembo, na urembo haustahili kuua boneti ya kiwandani. Tafuta nyingine, hata ya faiba, utoboe hiyo. Ya asili ifunge blanketi uiweke. Siku ya kuuza, mnunuzi ataiulizia.

Tangi nalo nunua lililotengenezwa na mdomo wa juu. Fundi akikwambia ataliosha la zamani kwa sabuni kisha achomelee shingo mpya ya kujazia, chukua gari lako uondoke. Mvuke wa petroli hujificha kwenye maungio ya bati, na cheche moja inatosha.

Kupata kitovu cha shimo, paka grisi kwenye ukingo wa shingo, shusha boneti taratibu hadi iguse, alama itabaki upande wa ndani. Kumbuka bawaba ziko upande wa kioo, hivyo boneti hainyanyuki wima, inapanda kwa upinde. Shimo lililobana shingo litakwama. Jaribu kwanza kwa kipande cha boksi, kisha toboa dogo na upanue kwa tupa. Kama ni bati, kingo zipate praima siku hiyohiyo.

Sasa penye kazi. Shingo usiifunge kwenye boneti, kwa sababu boneti hutikisika na tangi halifuati. Izungushie bakuli la bati, ukingo wake uwe na raba nene inayobanwa na boneti ikifungwa, na chini litoke bomba la kumwaga nje chini ya gari. Tukuyu hupata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Bila bakuli, buti lako, ambalo kwenye 911 liko mbele chini ya boneti, ni beseni. Bakuli hilohilo ndilo linalopokea petroli ya mhudumu anayejaza huku anapiga stori. Betri ziko humohumo mbele, na tundu la hewa ya ndani liko jirani na kioo, kwa hiyo kinachomwagika hapo abiria wanakivuta.

Kiungo cha shingo na tangi kiwe mpira wa petroli. Ule wa maji hulainika na kuvimba. Na kwa kuwa mpira haupitishi umeme, unganisha shingo na chasi kwa waya, umeme tuli usirushe cheche wakati wa kujaza.

Bomba la kupumulia wengi wanalidharau. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700, Kyela ni karibu 500. Ukishuka, hewa ya nje inazidi nguvu ile ya ndani ya tangi. Bomba likiziba, tangi linafyonzwa na pampu inahangaika. Ukipanda, mvuke unasukuma kutoka. Lipandishe juu kuliko tangi, uliteremshe nje, na uweke vali inayojifunga gari likipinduka.

Kabla ya petroli, tandika magazeti kwenye buti na umwagie boneti maji kwa mpira. Yakibaki makavu, jaza tangi, uegeshe kwenye mteremko pua ikiangalia chini, uwanjani, usiku kucha. Asubuhi fungua unuse. Ukisikia petroli, anza na klipu za mpira kabla hujalaumu mfuniko.