Jibu: Rozela inabadilika rangi kabla hujaweka kitu

Shikamoo mwalimu. Kama nimekuelewa, maji yako ya rozela (yale maua mekundu ya juisi), unayotumia kupimia asidi na alkali kwa rangi, yakiwa mazito yanabaki mekundu hata ukitia maji ya majivu, na ukiyazimua yanaingia zambarau kabla hujapima chochote.

Anza na maji. Umesema uko Kigoma mjini, na maji ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali (kinyume cha asidi): pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ni karibu 9, na katikati ni 7. Alkali hiyo ndiyo inayobadilisha rangi. Mimi nililaumu maua wiki nzima, kumbe kosa liko kwenye ndoo! Kinga ya mvua uzimulie hayo.

Hayo mazito ni jambo jingine: rozela yenyewe ni chachu mno, inameza majivu kidogo unayotia. Geuza utaratibu. Weka maji ya majivu kwenye glasi, kisha dondoshea matone matatu tu ya rozela. Kwenye ndimu usisubiri badiliko: rangi ya asidi ni nyekundu, nayo unayo tayari.

Mimi kwa alkali napenda unga wa manjano (kile kiungo cha pilau na mchuzi) uliolowekwa na kupakwa kwenye karatasi nyeupe: ukigusisha povu la sabuni ya mche inakuwa nyekundu ya kutu. Dawa ya kung'arishia nguo iache, inafuta rangi yote, na ikikutana na ndimu au siki inatoa hewa ya sumu.

Ulichemsha au uliloweka tu?