Chokaa ya maji haitibu tindikali ya shamba la ngano

SWALI: Nalima ngano ekari 4 huku Makete. Majibu ya maabara: pH (kipimo cha tindikali) 4.8, aluminiamu 1.6. Nimeambiwa nitie tani 1 ya chokaa kwa ekari, ila nauli inanitisha. Muuza pembejeo ana chokaa ya maji, lita 2 kwa ekari, anasema ni kazi ileile. Nichukue?

JIBU: Usichukue. Kila msimu wakulima wanalizwa na chupa hizi, na inauma.

Pima kwa kilo. Hata lita moja ingekuwa jiwe tupu la chokaa, bila tone la maji, haivuki kilo 2.7. Lita 2 hazifiki kilo 6. Shamba lako linadai 1,000. Lile onyesho la wauzaji, la glasi ya maji na karatasi inayogeuka rangi, linahusu maji tu. Tindikali ya shamba imeshikwa na mfinyanzi na mboji, na ukiiondoa kwenye maji ya udongo, akiba hiyo huirudisha. Ngano ikikolea kijani baada ya kunyunyiziwa, huenda ni naitrojeni iliyochanganywa humo. Chini, mizizi ingali mifupi na minene, imedumazwa na aluminiamu, na fosforasi ya mbolea ya DAP uliyoinunua kwa bei kali inafungwa na udongo. Hela yako inapotelea hapo.

Ushauri uliopewa ni sahihi: aluminiamu yako 1.6 mara 1.5, kizidisho cha kukadiria chokaa, ni tani 2.4 kwa hekta, karibu tani 1 kwa ekari, yaani mifuko 20 ya kilo 50. Hiyo ni chokaa safi. Yenye nguvu ya kuua tindikali ya asilimia 80 itahitaji mifuko 25. Basi usilinganishe bei ya mfuko. Jumlisha bei na nauli, kisha gawa kwa nguvu. Gharama nayo isambaze misimu 4 hivi, usiyatwishe mavuno ya kwanza. Fedha ikipungua, anza na ekari iliyo mbaya zaidi. Malori yanayopeleka viazi Mbeya yakirudi matupu, changeni na majirani mpakie chokaa ya Songwe.

Mwaga Desemba, changanya na udongo sentimita 15 hadi 20, maana chokaa haishuki yenyewe. Ngano ya Februari au Machi iikute imeanza kazi. Usiimwage pamoja na urea, naitrojeni itapaa. Kukuzia, tumia mbolea ya CAN, si SA: kilo 1 ya naitrojeni ya SA hula zaidi ya kilo 5 za chokaa.

Tena jihadharini na wanaouza jasi kama chokaa. Ina kalsiamu, lakini haipandishi pH. Anayeuza chokaa, iwe ya mfuko au ya chupa, aonyeshe kwa maandishi nguvu yake na ulaini wa unga. Chenga zinazozidi milimita 2 zitakaa shambani miaka mingi zikiwa mawe, nawe umezilipia nauli.