Kinanda kimepona moto? Msiwashe feni!

Mkuu, yaani paa la kanisa limeungua, kinanda cha mabomba kimebaki kimesimama, na Jumapili mnataka kukiwasha "tusikie kama bado kinalia"? MSIWASHE. Kata umeme wake kabisa, funga chumba cha feni (ile inayosukuma hewa kwenye mabomba), maana lazima kuna mtu atashikwa na hamu.

Sisi alikuja mtathmini wa bima na makaratasi yake, akasema bila kusikia sauti hawezi kuandika ripoti, washeni kidogo tu. Kikawashwa, kikalia, watu wakashangilia hadi machozi. Kumbe ile feni inavuta hewa ya mle mle ndani, na hewa yenyewe ilikuwa masizi matupu, ikayasukuma kwenye mivukuto, yakaingia masanduku ya upepo, yale mabomba yanasimama juu yake, mpaka kwenye vile vilango vyenye ngozi ambavyo ukibonyeza noti ndo vinafunguka. Kabla ya hapo masizi mengi yalikuwa juu juu, kazi ya brashi laini na mashine ya kuvuta vumbi yenye chujio zuri. Baada ya hapo noti zikawa zinalia zenyewe bila kuguswa, chembe ikikaa kwenye ngozi kilango hakizibi, ikabidi masanduku yote yafunguliwe na ngozi zibanduliwe ziwekwe mpya. Halafu yule yule mtathmini akaandika eti ni uchakavu wa kawaida!! Mtu aliyetuambia tuwashe! Mpaka leo nikikumbuka damu inachemka.

Na msifute kwa kitambaa kibichi, masizi ya plastiki na nyaya yana asidi, yakipata unyevu yanakula bomba, na mabomba mengi ni mchanganyiko wa bati na risasi, laini hata kidole kinabonyeza. Hita pia hapana, mbao zilizolowa maji ya zimamoto zikikaushwa haraka zinapasuka.

Angalia Notre-Dame ya Paris, moto wa Aprili 2019, kinanda chenye mabomba karibu 8,000 hakikuungua ila kilijaa vumbi la risasi (hiyo ni sumu, vaeni barakoa za maana). Walikifungua kuanzia Agosti 2020, wakakisafisha, na waumini wakakisikia tena Desemba 2024. Miaka hiyo yote, nyie mnataka Jumapili?

Umeuliza pia kuhusu vanishi ya kabati la kinanda na bima, hayo wengine watakujibu. Mimi niambie kwanza, ufunguo wa chumba cha feni anao nani?