Re: Michoro ya ukutani Lisbon iko wapi?

Salaam ndugu. Nimekuelewa hivi: umezunguka Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, Ureno, unakuta majina tu yaliyopuliziwa rangi juu ya vigae vya watu, na unauliza michoro yenyewe iko wapi.

Anza na Calçada da Glória, ule mteremko kati ya uwanja wa Restauradores na mtaa wa Bairro Alto. Kuna mabango makubwa ya Galeria de Arte Urbana, kitengo cha manispaa kilichoanza 2008. Michoro hubadilishwa, kwa hiyo usizitegemee picha za mtandaoni.

Ila hapo hapo Alfama nadhani umeipita kazi bora kuliko zote. Rua de São Tomé, karibu na roshani ya kutazamia mji ya Portas do Sol, tazama chini kwanza: vijiwe vyeusi na vyeupe vya njia vinajikunja, vinapanda ukutani na kuwa uso wa Amália Rodrigues, malkia wa fado, muziki wa Kireno wa majonzi. Ni kazi ya msanii wa mitaani Vhils na mafundi wa vijiwe wa manispaa, 2015. Mvua ikinyesha, maji humtiririka mashavuni kama analia. Wengine wanakimbilia kwenye mgahawa, wewe nenda.

Mtaa wa Belém kuna sanamu ya rakuni, mnyama wa Amerika mwenye uso kama kavaa barakoa, ya msanii Bordalo II, kaiunda kwa takataka.

Ukiwa na nusu siku, nenda mtaa wa Quinta do Mocho, Sacavém, nje kidogo ya Lisbon. Maghorofa yamechorwa ubavu mzima. Mimi nilienda mchana, ya usiku siyajui. Ni makazi ya watu, wengi asili yao Afrika, kwa hiyo salimia kabla ya kutoa kamera.