Wimbo Hupendeza Ukipewa Jirani Mwema

Wiki tatu zilizopita kulikuwa na harusi katika ukoo wetu, mtaa wa Langoni hapa Lamu, na usiku wa kesha la wanawake nilipewa kazi niliyoizoea kwa zaidi ya miaka 25, nayo ni kuchagua nyimbo za kusikilizwa baada ya chakula kuondolewa na kabla ya ngoma kuanza. Hakuna aliyeaga kabla ya saa nane za usiku. Asubuhi yake nilipata ujumbe wa msichana mmoja aliyekuwapo, ambaye anasoma Malindi: "Shikamoo shangazi. Nyimbo zile nusu yake ninazo kwenye simu yangu, na sijawahi kuzipenda kama nilivyozipenda jana. Umezifanya nini?"

Sikuzifanya kitu. Nilizitafutia majirani. Jibu hilo nilimpa palepale, lakini najua wako wengi wenye hamu kama yake, wanaotaka kukusanya nyimbo za watu mbalimbali zikae pamoja kama albamu moja, zisikilizwe kutoka mwanzo hadi mwisho na zikumbukwe kwa mpangilio huohuo, kwa hiyo naandika yale niliyojifunza.

Mjomba wangu alifanya kazi bandarini Mombasa, na kila aliporudi Lamu alikuja na santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, akizihifadhi katika kasha la mbao alilolitandika kitambaa cha kikoi kuukuu. Santuri ya namna hiyo huchukua dakika chache tu kila upande, ilhali wimbo wa taarab una beti nyingi na vipande virefu vya ala, kwa hiyo mara nyingi wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande wa pili. Utotoni nilidhani kwamba taarab ndivyo ilivyo: mwimbaji anafika kwenye ubeti wa tatu, ananyamaza, mjomba anainuka, anaipangusa santuri kwa kiganja, anaigeuza, na mwimbaji anaendelea na lalamiko lake pale alipoliacha. Ulipokwisha wimbo, mjomba hakushika santuri yoyote iliyokuwa karibu. Alipekua kasha, akazitoa mbili tatu, akazirudisha, na nilipomuuliza anatafuta nini alinijibu kwamba wimbo uliotoka una machozi, na hawezi kuuwekea jirani mwenye kelele.

Ninalirefusha jambo hili kwa sababu watu wengi hudharau albamu za mkusanyiko. Wanaziona ni makombo yaliyookotwa kwenye albamu halisi. Pengine kwingine ndivyo, lakini kwetu pwani sivyo. Waimbaji wetu wakubwa wa miaka ya 1960 na 1970 walitoa nyimbo moja moja kwenye santuri ndogo, kwa hiyo kwa wengi wao albamu ya mkusanyiko ndiyo nyumba ya pekee waliyopata kuishi pamoja. Mwaka 1983 John Storm Roberts, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi ya uandishi wa habari hapa Kenya, alitoa santuri kubwa ya taarab ya pwani yetu iitwayo Songs the Swahili Sing. Baadaye kampuni ya Ufaransa, Buda Musique, ikaanzisha mfululizo wa Zanzibara, na toleo lake la pili limetengwa kwa ajili ya taarab ya Mombasa ya kati ya 1965 na 1975. Msichana wangu wa Malindi, ukiniuliza uanzie wapi, anzia hapo kwenye Zanzibara ya pili, uisikilize yote bila kuruka, ukiwa umekaa. Utasikia mji mmoja ukizungumza kwa sauti nyingi, ambalo ni jambo asiloweza kukupa mwimbaji mmoja hata awe na kipaji cha namna gani. Namheshimu Zein l'Abdin kuliko mpiga udi, ile ala ya nyuzi, yeyote niliyepata kumsikia, naye ni mwana wa Lamu, aliyezaliwa hapa mwaka 1939 na kufariki mwaka 2016. Lakini hata udi wake naujua vizuri zaidi ninapousikia baada ya kinanda cha mtu mwingine, kama vile tui linavyojulikana utamu wake baada ya pilipili.

Mkusanyiko wangu wa kwanza ulikuwa kaseti ya dakika 60, mwaka 1993, nikiwa na umri wa miaka 19, kwa ajili ya kesha la binamu yangu. Dakika 30 kila upande, na wimbo wa taarab waweza kuchukua dakika saba hadi kumi, maana yake ni nyimbo tatu au nne tu kabla ya kaseti kugeuzwa. Nilikaa siku mbili na redio yenye matundu mawili ya kaseti, nikinakili, nikirudisha nyuma kwa penseli ili nisimalize betri, nikibonyeza kitufe kwa pumzi iliyozuiwa. Upande wa kwanza wote niliwekea mwimbaji wa taarab Juma Bhalo, nyimbo za huzuni tupu, kwa sababu hizo ndizo nilizozipenda mimi. Kila mmoja ulikuwa johari. Zilipofuatana, zilikizima chumba. Wanawake waliokuja na maua vichwani waliinamisha macho, mazungumzo yakafa, na bibi mmoja mzee akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, tumekuja kuoza, hatukuja kuzika." Kaseti ikatolewa, vikaletwa vigoma. Nililia usiku ule, na hadi leo nikikumbuka jinsi kitufe kilivyobonyezwa kuizima nyimbo ile katikati ya ubeti nahisi kitu kifuani.

Kosa halikuwa nyimbo. Nilijichagulia nafsi yangu, na walioalikwa walikuwa watu wengine. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa wimbo wowote, huandika kwenye daftari ni nani watakaokuwamo chumbani, wana umri gani, watakuwa wamekula au bado, na watatoka wapi. Halafu ndipo nachagua. Naanza na wimbo ambao kila mtu anaujua lakini si ule wenye nguvu kuliko zote, kwa kuwa ukianza na ulio juu kabisa huna pa kupanda. Ule usiojulikana na mtu nauweka wa tatu au wa nne, katikati ya wenyeji wawili, ili ukaribishwe kama mgeni anavyokaribishwa akiingia na mtu wa nyumbani. Wa mwisho huwa ni ule ambao watu wanaweza kuuimba wenyewe baada ya ala kunyamaza. Jambo la sauti nalipitia haraka: rekodi za zamani zina sauti ndogo na za sasa zina sauti kubwa, zisawazishe kwanza, watu wasirukie kitufe kila wimbo unapobadilika.

Walio mbali nasi walilijua jambo hili la majirani. Mwaka 1952 Mmarekani Harry Smith alichukua santuri kuukuu alizozikusanya mwenyewe, akachagua nyimbo 84 na kuzitoa katika santuri kubwa sita, na nyimbo zilizokuwa zimesahauliwa kwa miaka 20 zikawalea waimbaji wa kizazi kizima cha Marekani. Hakuimba hata wimbo mmoja kati ya hizo. Mwaka 1983 kampuni mbili za Uingereza zilizokuwa zikishindana, Virgin na EMI, zilikusanya nyimbo 30 zilizokuwa zikivuma katika albamu ya kwanza ya mfululizo wa Now That's What I Call Music, na mikusanyiko ya aina hiyo ikauzwa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1989 ilibidi itengewe orodha yake ya mauzo ili albamu za waimbaji mmoja mmoja zipate nafasi ya kushika namba moja. Msikilizaji hupenda kuchaguliwa na mtu anayemwamini. Anapewa kilichochujwa, na hapewi kazi ya kuchuja.

Kuna upande mwingine ambao ni lazima niuseme. Ukikaa ufukwe wa Shela, hapa hapa Lamu, jioni moja, huwezi kukosa kusikia Bob Marley kutoka kwenye mashua, na asilimia kubwa ya unachosikia kimo katika Legend, mkusanyiko wa nyimbo 14 uliotoka mwaka 1984, miaka mitatu baada ya kifo chake. Naupenda. Umepangwa na mtu anayejua kazi yake. Lakini umeelemea mapenzi na faraja, na nyimbo zake kali kuhusu ukoloni na Afrika zimeachwa nyingi nje, hata vijana wa mashua wanaomjua kwa albamu hiyo peke yake wanamjua mtu mpole kuliko alivyokuwa. Mkusanyaji anaposema "hizi ndizo bora" huwa pia ameamua watu wasahau zipi. Usichague ukiwa na haraka, basi, wala usichague ukiwa na hasira.

Sasa nifike pale panaponiuma. Mwaka 1994 nilirekodi vugo, ile ngoma ya wanawake wanaogonga pembe za nyati kwa vijiti, katika kiwanda, yaani ua wa ndani, cha nyumba moja ya mtaa wa Mkomani. Redio kaseti niliiweka juu ya kinu kilichogeuzwa. Mwishoni mwa rekodi, wanawake wanapopokezana ubeti wa mwisho, punda alipita kichochoroni akalia kwa nguvu, na mmoja wa waimbaji akacheka bila kukosa mdundo. Niliwaomba wanawake wale ruhusa mmoja mmoja, nao wakaniruhusu kwa sharti: sauti zao zisikike katika nyumba za harusi, mbele ya wanawake, basi. Mwaka 2009 niliuweka wimbo huo uwe wa mwisho katika sidii ya nyimbo kumi niliyowagawia jamaa 30 wakati wa harusi ya mpwa wangu, na kila sidii niliandika majina ya waimbaji na watunzi kwa mkono wangu, na sharti lile chini yake.

Miezi michache baadaye nilikuwa katika mji mmoja wa bara nikingojea gari, nikasikia mpangilio wangu ukitoka kwenye kibanda cha muuzaji. Nilijua kabla wimbo wa pili haujaanza ni upi utakaofuata. Nikasimama nikasikiliza mpaka mwisho, nikisali kwamba angalau vugo haimo. Ikaja. Ikaja na punda wake, na kicheko cha mwanamke yule, mbele ya stendi nzima ya wanaume. Juu ya jalada palikuwa na picha ya mtu nisiyemjua, na hapakuwa na jina la mwimbaji hata mmoja. Nilimwambia muuzaji kwamba kazi ile ni yangu. Akanijibu kwamba nyimbo si zangu, sikuzitunga wala sikuziimba.

Na hapo alikuwa na ukweli nusu, ndiyo maana sikupata jibu la kumpa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi, inamlinda mwimbaji, na inamlinda mwenye rekodi, kila mmoja kwa haki yake, kwa hiyo anayetaka kuuza mkusanyiko ni lazima awaendee wote hao. Mimi sijawahi kuuza hata mmoja. Lakini kuna haki isiyoandikwa popote, ya wanawake kumi na mmoja walioniamini ndani ya kiwanda kimoja, na hiyo ilivunjwa kwa mkono wa mmoja kati ya wale 30 niliowagawia kwa furaha. Nilirudi Lamu nikaenda nyumba hadi nyumba kuwaambia. Wengine walinisamehe wakati huohuo. Mmoja hakusema neno, akaingia ndani.

Kwa hiyo nawasihi, enyi mnaokusanya. Andikeni majina. Andikeni jina la mwimbaji, la mtunzi wa mashairi, la mpiga udi, la mpiga fidla, na kama hamlijui liulizeni, kwa maana wenye kujua wanaondoka mmoja mmoja na hawarudi. Ombeni ruhusa kwa anayeimba, na akiwawekea sharti, sharti hilo lichukueni lilivyo, na wimbo wenye sharti msiutie katika kitu kinachonakiliwa kwa dakika moja. Msimpe kila mtu kila kitu kwa kuwa mnapenda kusifiwa. Mimi nilipenda kusifiwa, na sidii zile 30 zilitoka mikononi mwangu kwa sababu hiyo.

Tangu mwaka ule vugo haimo katika mkusanyiko wowote ninaougawa. Ipo katika kaseti ileile, ambayo nimevunja vile vidude viwili vya mgongoni ili isirekodiwe juu yake, nami huibeba mkononi na kuirudisha mkononi. Wiki tatu zilizopita, wageni wengi walipokwisha kuondoka, bibi mmoja ambaye ni wa mwisho kubaki kati ya wale kumi na mmoja, yuleyule aliyeingia ndani siku ile bila kusema neno, aliniuliza kama ninayo. Tulifunga mlango wa chumba. Alisikiliza amefumba macho, vidole vyake vikigonga goti, hadi punda alipolia. Akataja punda alikuwa wa nani na alikuwa amebeba mawe ya kwenda kujenga nyumba ya nani. Kisha akaniomba nirudishe nyuma kidogo, pale kwenye kicheko, kwa sababu aliyecheka ni dada yake.